Skana ya Mkononi na Taa ya Mfumo wa Uthabiti: Inapofaa na Inaposhindwa

Mtu anayetaka kununua skana, yaani kifaa kinachosoma hitilafu kwenye kompyuta za gari, kwa ajili ya taa ya mfumo wa uthabiti (mfumo unaolizuia gari kuteleza), ile yenye kigari kidogo na mistari miwili iliyopinda nyuma yake, hana budi kujua kwanza kwamba skana nyingi ndogo zinazouzwa kwa wenye magari hazitamfaa kwa kazi hiyo. Zinasoma injini, basi. Sababu yake ni ya kisheria zaidi kuliko ya kiufundi: tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi liliwekewa utaratibu mmoja kwa magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na kwa magari ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001, kwa lengo la kudhibiti moshi. Watengenezaji walilazimishwa kuweka wazi taarifa za injini zinazohusu moshi huo. Habari za breki, usukani na mifuko ya hewa waliachiwa wazipange kila mmoja kwa utaratibu wake. Skana isiyoujua utaratibu huo huandika kwamba gari halina hitilafu, ilhali taa inawaka mbele ya macho ya dereva.

Skana ninayoitathmini hapa ni ya daraja la kati, yaani iko juu ya vile vifaa vidogo vya injini tu na chini ya mashine kubwa za gereji. Sitataja jina la kampuni, kwa kuwa nitakayoyasema, mazuri na mabaya, yanahusu karibu aina nzima ya vifaa vya daraja hili. Ina skrini ya rangi, vitufe vichache na kebo nene, na haina betri yake yenyewe. Umeme inauchota kwenye tundu la gari, kwa hiyo betri ya gari ikiwa dhaifu, nayo huzimika katikati ya kazi. Inasoma injini, gia, mifuko ya hewa, na pia breki pamoja na mfumo wa uthabiti, ambao katika magari mengi umo ndani ya kompyuta ileile ya breki. Uwezo wake wa kulitambua gari kwa kusoma namba ya chesisi ni wa kubahatisha: magari mengine iliyatambua papo hapo, mengine ilinibidi nichague aina, modeli na mwaka mwenyewe kwenye menyu ambayo mpangilio wake hauna mantiki yoyote niliyoweza kuigundua. Hiyo ni kero tu, haizuii kazi.

Kabla ya kuchomeka chochote, taa yenyewe inastahili kutazamwa vizuri. Ikipepesa kwa muda mfupi gari linapopita kwenye tope, mchanga au lami yenye maji, hakuna kilichoharibika. Ni dalili kwamba mfumo uko kazini, unashika breki ya gurudumu moja au unapunguza nguvu ya injini ili gari lisiteleze. Ikiwaka pamoja na neno OFF, mara nyingi kuna aliyebonyeza swichi, pengine kwa goti, na inasikitisha jinsi magari yanavyopelekwa kupimwa kwa kitufe ambacho kingebonyezwa tena na mambo yakaisha. Ikiwaka mfululizo tangu injini inapowashwa, au ikiwaka gari likishaanza kutembea na isizimike, hapo ndipo skana ina kazi. Breki za kawaida kwa kawaida huendelea kushika hata taa hiyo ikiwaka. Lakini ikiwaka sambamba na taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa kufunga breki) na taa nyekundu ya breki, huenda mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nao umepotea, au mafuta ya breki yamepungua, na gari hilo halipaswi kuendeshwa kwa ajili ya kulijaribu.

Mfumo huu uliingia sokoni mwaka 1995 katika magari ya Mercedes-Benz kwa ushirikiano na Bosch, ukajulikana zaidi baada ya A-Class, gari dogo la Mercedes-Benz, kupinduka katika jaribio la kukwepa kizuizi nchini Uswidi mwaka 1997, kisha ukawa wa lazima kwa magari madogo Marekani kuanzia modeli za 2012 na kwa magari mapya yote ya Umoja wa Ulaya kuanzia Novemba 2014. Kanuni yake haijabadilika: kompyuta hulinganisha upande ambao dereva anauelekeza usukani na upande ambao gari linakwenda kweli, na vikitofautiana huingilia kati. Ili ifanye ulinganisho huo inahitaji sensa ya kasi kwenye kila gurudumu, sensa ya pembe ya usukani, sensa inayopima jinsi gari linavyojizungusha na kusukumwa ubavuni, na habari za kanyagio la breki na nguvu ya injini. Habari mojawapo ikikosekana, au ikionekana kuwa ya uongo, kompyuta hujiondoa kazini na kuwasha taa. Ndiyo maana taa hiyo moja inaweza kuwashwa na vitu ambavyo havina uhusiano wowote kati yao, na ndiyo maana kubadilisha sensa kwa kukisia ni njia ya uhakika ya kupoteza fedha.

Kipengele ninachokisifu zaidi katika skana hii ni upimaji wa gari zima kwa mkupuo mmoja. Huchukua dakika kadhaa, na mwenye haraka atashawishika kwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa breki, asifanye hivyo. Katika magari mengi, hitilafu ya injini peke yake huwasha taa ya uthabiti, kwa sababu mfumo hauwezi kuiomba injini ipunguze nguvu wakati kompyuta ya injini yenyewe imekiri kwamba haiaminiki. Taa ya injini na taa ya uthabiti zikiwaka kwa pamoja, msimbo (alama ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta) wa kushughulikiwa kwanza ni ule unaoanza na herufi P, wa injini, na mara nyingi ukitatuliwa taa ya pili huzimika bila mtu kugusa breki. Misimbo inayoanza na C inahusu breki, usukani na mifumo ya chini ya gari; inayoanza na U ni ya mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. U0121, kwa mfano, unamaanisha kwamba kompyuta nyingine zimekosa mawasiliano na ile ya ABS, na mtu anayeukuta ukiwa pamoja na misimbo mingine mingi ya U ana kila sababu ya kupima betri, fyuzi na nyaya za ardhi kabla ya kuishutumu kompyuta yoyote, kwani volteji inayoshuka sana wakati wa kuwasha injini huacha nyuma msururu wa misimbo ya namna hiyo.

Katika kusoma misimbo yenyewe, skana inafanya vizuri nusu ya kazi. Inatenganisha hitilafu iliyopo sasa na ile iliyohifadhiwa kutoka zamani, na utengano huo unaokoa muda mwingi, kwa kuwa gari lililopita mikononi mwa mafundi kadhaa linaweza kubeba misimbo ya sensa zilizobadilishwa zamani. Maelezo yake, hata hivyo, ni mafupi kupita kiasi. Msimbo C0035 inauandika kuwa hitilafu ya sakiti ya sensa ya gurudumu la mbele kushoto, bila kusema kama waya umekatika, umegusana na mwingine, au sensa inatoa habari zisizolingana na magurudumu mengine. Misimbo ambayo ni ya mtengenezaji mmoja peke yake mara nyingine huonyeshwa kama namba tupu, na chini yake yapo maneno ya kumwelekeza mtu kwenye kitabu cha mtengenezaji. Hata maelezo yangekuwa marefu kiasi gani, msimbo huitaja sakiti; hautaji kipuri. Sakiti ya gurudumu moja ina sensa, plagi, waya unaopindwa kila usukani unapokatwa, pete inayozunguka mbele ya sensa, beringi, na mwisho kabisa kompyuta.

Hapo ndipo data mubashara, yaani namba za sensa zinazoonekana papo hapo gari likifanya kazi, inapoitofautisha skana hii na vifaa vya bei ya chini. Nimeitumia kwa gari lililowasha taa ya ABS na ya uthabiti kila linapoanza kutembea, likiwa na msimbo C0050, ambao ni wa gurudumu la nyuma kulia. Pendekezo lililokuwa limeshatolewa ni kununua sensa mpya. Kwenye skrini, kasi za magurudumu matatu zilipanda kwa pamoja tangu gari lilipoanza kusogea, na la nyuma kulia likabaki sifuri. Gari lilipofika kasi ya mtu anayekimbia, namba yake ikaruka ghafla na kuungana na zile nyingine, na kuanzia hapo ikaenda nazo sawasawa. Sensa iliyokufa haifanyi hivyo. Sensa za zamani za sumaku, zenye nyaya mbili na zisizohitaji umeme wa kuziendesha, huzalisha ishara ambayo nguvu yake inaongezeka na kasi; pengo kati ya sensa na pete yenye meno likipanuka, ishara ya mwendo mdogo huwa hafifu mno isiweze kusomwa, na ya mwendo mkubwa husomwa bila shida. Multimita (kipima umeme cha mkononi) ilionyesha takriban omu 1,100, kiwango cha kawaida kwa sensa ya aina hiyo. Kutu iliyojijenga chini ya kikalio cha sensa ilikuwa imeinyanyua kidogo kutoka mahali pake. Ilipokwanguliwa na sensa kukaa sawa, magurudumu manne yakaanza kusomeka kwa pamoja.

Mchoro mwingine wa namba una maana nyingine, na mwenye skana anapaswa kujizoeza kuisoma tofauti hiyo. Kasi inayosomeka vizuri kisha ikashuka na kupanda kwa mpigo unaofuata mzunguko wa gurudumu huelekeza kwenye pete iliyopasuka au kupoteza meno. Kasi inayokatika usukani unapokatwa au gari linapoingia shimoni huelekeza kwenye waya au plagi. Gurudumu moja linaloonyesha kasi iliyozidi kidogo ya mengine, kila wakati na kwa uwiano uleule, huenda halina ubovu wa umeme hata kidogo. Tairi lake ni dogo kuliko mengine kwa sababu ya ukubwa tofauti, upepo mdogo au kulika kwingi, na tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Kwa gurudumu lisilosomeka kabisa baada ya beringi kubadilishwa, jambo la kwanza la kushuku ni beringi iliyowekwa kinyume, kwa kuwa katika magari mengi ya kisasa sumaku zinazosomwa na sensa zimo kwenye sili ya upande mmoja tu wa beringi hiyo. Magari hayo hutumia sensa zinazopewa umeme na kompyuta, ambazo hujibu kwa kubadilisha mkondo kati ya takriban miliampea 7 na 14 na husomeka tangu gurudumu linapoanza kusogea. Kuzipima kwa omu hakusemi lolote la maana.

Udhaifu wa skana katika eneo hili ni kasi ya kuonyesha upya. Nikichagua magurudumu manne pekee, namba zinabadilika kwa wepesi wa kutosha. Nikiongeza pembe ya usukani, shinikizo la breki na volteji, skrini huanza kuchelewa kiasi kwamba jino moja lililovunjika linaweza kupita bila kuonekana. Kwa ubovu wa namna hiyo hakuna skana ya daraja hili itakayoshindana na oskiloskopu, kifaa kinachochora ishara ya umeme, na muuzaji anayedai vinginevyo hajawahi kuutafuta. Grafu ni nzuri, zinaweza kupangwa juu ya nyingine, na data huhifadhiwa ili isomwe baadaye gari likiwa limesimama. Hiyo ndiyo njia ya salama. Vinginevyo awepo mtu wa pili kwenye kiti cha abiria, na urefu wa kebo unamruhusu. Dereva asiitazame skrini hii akiwa barabarani.

Taa ya uthabiti ikiwaka peke yake, bila ABS, fikra ya kwanza iwe ni usukani. Skana huonyesha pembe ya usukani kwa nyuzi, na kipimo chake ni rahisi: gari likienda moja kwa moja kwenye barabara iliyonyooka, namba iwe karibu na sifuri. Katika gari moja lililotoka kurekebishwa mwelekeo wa magurudumu, ilisomeka nyuzi sita na zaidi huku gari likienda moja kwa moja kabisa, maana yake kompyuta iliamini dereva anakata kona ambayo gari halikuwa linaikata. Sensa ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kuifundisha sifuri yake mpya, hatua ambayo inapaswa kuwa sehemu ya kazi yenyewe ya kurekebisha magurudumu na ambayo baadhi ya gereji huiruka. Magari mengine hupoteza sifuri hiyo betri inapotolewa, na mengi ya hayo huipata tena yenyewe usukani ukizungushwa hadi mwisho wa kila upande kisha gari likaendeshwa moja kwa moja kwa muda mfupi.

Skana hii ina ukurasa wa kufundisha sifuri ya usukani, na kwa gari nililolitaja ulifanya kazi. Kwa gari la mtengenezaji mwingine ulikataa, ukaandika kwamba operesheni haikufaulu, na haukutoa sababu hata moja. Kama ni volteji ndogo, kama ni hitilafu nyingine iliyotakiwa kuondolewa kwanza, au kama skana haina uwezo huo kwa gari hilo, mtumiaji anaachwa abahatishe. Kwa kifaa kinachotangazwa kwa uwezo huo waziwazi kwenye kasha lake, ukimya wa namna hiyo haukubaliki. Aidha, maelekezo yake hayasisitizi inavyopasa kwamba gari liwe limesimama mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka kweli, wala kwamba sifuri isifundishwe kwa gari ambalo usukani wake umepinda kwa sababu ya mkono wa chuma unaolishika gurudumu chini ya gari kupinda. Kompyuta itaikubali sifuri ya uongo bila kinyongo, taa itazimika, na mfumo utabaki ukifanya maamuzi kwa kipimo kisicho sahihi.

Swichi ya kanyagio la breki nayo inaonekana vizuri kwenye data mubashara. Katika magari mengi ina sakiti mbili ambazo lazima zikubaliane, na zikipingana taa ya uthabiti inaweza kuwaka hata kama taa za breki nyuma zinawaka kama kawaida. Kipimo hiki ni cha kukanyaga na kuachia huku ukitazama skrini, nacho kinapaswa kufanywa mapema kwa sababu swichi ni kipuri cha bei nafuu.

Kuna mawili yaliyoniudhi. La kwanza ni kitufe cha kufuta misimbo, ambacho kimewekwa mbele mno, hufuta kila kitu, na hakimshauri mtumiaji ahifadhi kwanza alichokisoma. Misimbo pamoja na hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea ni ushahidi. Mwenye skana apige picha ya skrini kwa simu kabla ya kuugusa ukurasa huo. Na baada ya kufuta, asikate tamaa taa ikibaki, kwani baadhi ya magari hayaizimi mpaka yameendeshwa kwa mwendo mdogo, kompyuta ikajiridhisha kwamba magurudumu yote yanasomeka. La pili ni ukurasa wa kuendesha pampu na vali za ABS ili kutoa hewa kwenye breki. Ni uwezo wa maana, na fundi aliyebadilisha pampu au vali za ABS atauhitaji, lakini umewekwa kando ya kurasa za kusoma data kana kwamba una uzito uleule, bila onyo linaloeleweka. Asiyejua anachokifanya anaweza kubaki na kanyagio laini linalozama hadi chini.

Kwa mwenye gari anayejua kutumia multimita, anayeweza kupandisha gari kwa jeki na kuliegemeza salama, na aliye tayari kulinganisha namba kabla ya kununua kipuri, ningeipendekeza skana hii bila kusita. Data ya magurudumu na ya usukani peke yake inatosha kuhalalisha ununuzi. Kwa anayetaka mashine imwambie anunue nini, pesa hiyo ni afadhali ailipe gereji yenye mashine kamili na fundi anayeielewa, akasisitiza aonyeshwe data mubashara kabla ya kukubali kipuri chochote kibadilishwe. Na kwa yeyote atakayenunua, kabla ya kulipa ahakikishe katika orodha ya mtengenezaji wa skana kwamba gari lake, kwa modeli na mwaka wake, limeandikwa chini ya ABS na chini ya ufundishaji wa sensa ya usukani, si chini ya injini tu, na aulize masasisho ya programu ni ya bure kwa muda gani, kwa sababu skana ya namna hii isiposasishwa huanza kushindwa na magari mapya mapema sana kuliko kasha lake linavyochakaa.